Sigara ya Kazi

Jumatatu, 3 Machi

Taarifa kwa umma — yaani kwangu mimi, maana daftari hili halina msomaji mwingine na nisingependa alipate. Leo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, mke wangu na mtoto wetu mdogo, kisahani cha majivu kilichohudumu kwa uaminifu juu ya meza yangu ya kazi kimepewa wadhifa mpya. Kuanzia sasa ni kisahani cha skrubu. Hafla ilikuwa fupi. Kilioshwa, kikakaushwa, kikapokea skrubu za klarineti. Hotuba ilitolewa na mama watoto: "Nikikiona tena na majivu nitakitupa nje, na wewe utakifuata."

Kwa hiyo nimeacha sigara. Mimi, ambaye nimeshaacha mara nyingi mpaka nina uzoefu.

Sababu ni Kipenga. Tulimbandika jina hilo akiwa mchanga, kwa vile kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi akilala, nasi tukaona ni jambo la kuchekesha. Mimi hasa. Fundi wa ala za kupuliza kazaa mtoto anayejipuliza mwenyewe — nilimsimulia kila mteja aliyeingia. Sasa ana miaka saba. Ijumaa iliyopita daktari wa kliniki alimsikiliza kifuani, akamsikiliza mgongoni, wala hakucheka. Akauliza nani anavuta nyumbani. Nikasema mimi, lakini navutia dirishani. Akaniambia moshi hauna habari kwamba umeonyeshwa dirisha. Unarudi. Unakaa kwenye pazia, kwenye mto, kwenye shati ninalombebea mtoto. Na mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo anachota mwingi. Njia zake za hewa zimevimba, zimebaki nyembamba kama mrija wa soda. Kipenga akapewa pampu ya dawa ya kuvuta. Mimi nikapewa jicho.

Tunaishi vyumba vitatu. Cha mbele ndiyo karakana yangu, na kati ya karakana na chumba cha watoto kuna pazia tu. Lilikuwa jeupe tulipolinunua. Meneja — binti yetu mkubwa, miaka kumi na minne, jina kalipata kwa kututawala sote — amelishusha leo na kulifua bila kuambiwa na mtu. Maji ya kwanza yametoka rangi ya chai. Akaniletea beseni nione.

Nikasema, "Afadhali, haina maziwa."

Hakucheka. Akaenda kumwaga.

Jumatano, 5 Machi

Mikono haina kazi. Nimepanga bisibisi zangu kwa urefu, kisha kwa rangi, kisha nimezirudisha zilivyokuwa.

Kinyozi, jirani yangu ukuta kwa ukuta, kaingia na mkasi mkononi na uso wa huzuni. "Nimesikia kuna msiba hapa. Nimekuja kutoa pole." Akaninyooshea pakiti yake. Nikakataa. Akanitazama kama mtu aliyemwona ng'ombe akipanda ngazi. "Kumbe kweli," akasema, akaenda kuvutia mbali, barabarani. Ustaarabu huo sikuutegemea.

Asubuhi mama watoto alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye mlango wa watoto. Tukasimama. Nikauliza tunasikiliza nini. "Hakuna kitu," akasema. "Sikiliza vizuri." Na kweli, hakukuwa na kitu. Kipenga amelala kimya kama watoto wa watu wengine.

Mchana kaja Kapteni. Hajawahi kuwa jeshini hata siku moja; anaongoza bendi ya harusi na ana kofia. Kaleta saksafoni kubwa, ile ya sauti nzito, inayobebwa kama mtoto wa darasa la tatu aliyelala safarini. Inavuja mahali. Ukiitafuta noti ya chini inaguna tu, kama mzee aliyeamshwa bila sababu. "Jumamosi nina harusi ya watu wazito, Fundi. Usiniangushe." Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Huwa nawaambia hivyo wote, kabla sijafungua kasha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebadilisha ngozi za vifuniko vitatu. Bado inaguna. Tundu lipo, silioni.

Niandike kinachonisumbua, labda kikikaa kwenye karatasi kitanipungukia. Tarumbeta ikivuja, unaizamisha kwenye beseni, unapuliza, viputo vinakuonyesha, kama tairi la baiskeli. Saksafoni haizamishwi. Ngozi zake zikilowa zimekufa. Kuna taa nyembamba ya kuteremsha ndani ya bomba: unabana vifuniko, unafanya chumba kiwe giza, mwanga ukichungulia, hapo ndipo. Taa ninayo. Macho ndiyo sina — siku hizi kila mwanga nauona na ndugu zake wawili.

Kwa hiyo mimi hutumia moshi. Aliyenifundisha kazi alitumia moshi. Unavuta sigara, unaujaza mdomo bila kumeza, unaupuliza ndani ya bomba lililobanwa kila mahali. Unangoja. Panapovuja, uzi mwembamba wa moshi unatoka wenyewe, taratibu, kama unajitambulisha. Kwa ala kubwa kama hii tunahitajika wawili: wa kubana vifuniko kwa mikono yote, na wa kupuliza. Meneja ndiye mbanaji wangu tangu ana miaka kumi. Ana vidole vya kazi. Kuna wanaume wazima niliowafundisha wakashindwa kutulia kama anavyotulia yeye.

Mpulizaji ni mimi. Na mpulizaji ameacha.

Jioni Kapteni kapita. Hakukaa. "Kesho saa nane bibi harusi anatoka nje, Fundi. Nimpigie nini, mluzi?" Nikasema saa sita itakuwa tayari. Alipoondoka, mama watoto akaniambia bila kupandisha sauti, "Usithubutu."

"Nisithubutu nini?"

"Hicho hicho unachokifikiria."

Jumamosi, 8 Machi

Imepona. Tundu lilikuwa chini ya kifuniko cha pili kutoka mwisho, dogo kuliko kichwa cha pini. Tulikuwa mimi na Meneja na mdogo wake. Mama watoto ni mpishi wa shule ya bweni, na watoto wa bweni wanakula hata Jumamosi. Tulivyolipata ni mambo ya karakana. Niliahidi sitavuta. Ahadi nimeishika.

Kapteni aliipuliza noti ya chini mpaka kioo cha Kinyozi kikatetemeka upande wa pili. Kinyozi akapiga ukuta: "Nina mtu na wembe hapa." Kapteni akamgeukia Meneja. "Wewe ndiye utakayemrithi huyu mzee." Meneja alitabasamu kwa meno yote. Tangu siku ya pazia nilikuwa sijaliona lile tabasamu.

Siku njema. Naandika tena ili nisisahau: siku njema.

Jumanne, 11 Machi

Kapteni amenitangaza mji mzima. Zimekuja klarineti mbili na saksafoni moja ya kwaya. Meneja akitoka shule haulizi hata maji ya kunywa. Anatupa mkoba, anasimama mlangoni: "Baba, ipo ya kupima?" Nimeanza kumwita fundi mdogo. Anajifanya hasikii, ili nirudie.

Mama watoto ameinusa sare ya Meneja leo alipokuwa anaiweka kwenye maji. Akauliza hii harufu ni ya wapi. Nikamwambia ni kwa Kinyozi, watoto wanapita pale kila siku, na wateja wake wanavuta mpaka kuta zinakohoa. Ulikuwa mzaha mzuri. Akacheka kidogo.

Kisha akainusa tena.

Ijumaa, 14 Machi

"Baba, kipenga kimerudi," Kipenga kaniambia asubuhi. Amejishika kifua kwa mkono mmoja, kwa mwingine anatafuta kiatu. Kaniambia kama mtu anayetangaza kwamba mgeni fulani amefika.

Kliniki. Daktari yule yule. Kasikiliza muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kaongeza dawa. Akasema haelewi, wiki iliyopita ilipaswa kuleta nafuu. Akauliza tena kama kuna anayevuta nyumbani.

Mama watoto hakuningoja nijibu. "Aliacha, daktari. Kaacha kabisa. Mwenyewe nilikuwa siamini." Alisema kwa fahari, ameketi wima, kana kwamba anamweleza mtu cheo changu. Daktari akanipa mkono, akanipongeza. Nikaitikia kwa kichwa.

Njiani mama watoto kanishika mkono. Hatujashikana mikono barabarani tangu tukiwa wembamba.

Sina hamu ya kuandika.

Jumatatu, 17 Machi

Tumeitwa shuleni kwa Meneja, wazazi wote wawili.

Mwalimu wa nidhamu ana ofisi ndogo na kiti kimoja tu cha wageni. Nilimwachia mama watoto. Meneja alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Alikutwa nyuma ya stoo ya madawati wakati wa mapumziko, na sigara imewashwa. Pamoja naye alikuwa binti wa Kinyozi, darasa moja, rafiki yake tangu wanajifunza kutembea. Binti wa Kinyozi hakuwa na kitu mkononi. Lakini mwalimu kasema wasichana hawaanzi peke yao, lazima mmoja amemfundisha mwenzake, na nyumbani kwa nani moshi unafuka kutwa nzima, kila mtu anajua.

Mama watoto akasema, "Wewe mwenyewe ulishasema, baba watoto. Wanapita pale kila siku." Akamgeukia mwalimu. "Baba yake kaacha kwa ajili ya watoto hawa. Huyu angejifunzia wapi?"

Mwalimu akaweka pakiti juu ya meza. Kona yake imekunjwa ndani, namna ninavyokunja mimi ili sigara zisimwagike kwenye kasha. Naijua ile kona.

Mwalimu akamuuliza Meneja: kakufundisha nani? Akauliza tena. Meneja akainua macho, akayapitisha usoni kwangu haraka, kama mtu anayevuka barabara, akayarudisha sakafuni. "Hakuna," akasema.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa niliufungua. Nikasema, "Tutazungumza naye nyumbani, mwalimu."

Binti wa Kinyozi amerudishwa nyumbani wiki nzima. Meneja siku tatu, kwa kuwa sisi wazazi tumeonyesha ushirikiano.

Jumanne, 18 Machi

Kinyozi kaja. Hakuleta mzaha wala mkasi. Akasimama pale kwenye kizingiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Huwa anaingia kama kwake.

"Nimemchapa binti yangu jana, Fundi. Nimemchapa sana. Analia anasema hajawahi kugusa kitu hicho. Ameapa kwa kila kitu."

Nikasema watoto, watoto.

"Na wako anasemaje?"

"Hasemi."

Akaitazama meza yangu, kile kisahani cha skrubu, klarineti. Akasema, "Wewe umeweza kuacha. Mimi sijaweza. Labda kosa ni langu kweli." Akaondoka. Aliyeumizwa ni yeye, na aliyeomba radhi ni yeye.

Nimekula jiwe siku nzima. Hata Kipenga kaniuliza kama meno yananiuma.

Jumatano, 19 Machi

Kapteni kairudisha ile saksafoni kubwa. Noti ya chini inaguna tena, mahali pengine. Hakukasirika, alisema ni mzee kama sisi, ikizibwa huku inafunguka kule. Anaihitaji Jumamosi.

Meneja yuko nyumbani, adhabu yake haijaisha. Alikuwa ameketi na kitabu, lakini niliona masikio yamesimama. Kapteni alipotoka tu: "Tuipime, Baba?"

Nikamwambia hapana. Hatupimi tena kwa moshi, leo wala kesho. Akauliza kwa nini. Nikasema nitabadilisha ngozi zote, kesho nakwenda kuzinunua.

"Zote? Na kama si ngozi?"

"Basi si ngozi."

Alinitazama. Ni kama nilikuwa nimemfukuza kazi.

Kesho jioni nitamwambia mama watoto. Nimeshapanga maneno. Kwanza atakuwa amekula. Kisha nitakwenda kwa Kinyozi. Hilo la pili naliogopa zaidi, na hilo la kwanza naliogopa zaidi ya hilo la pili.

Alhamisi, 20 Machi

Niko hospitali, kwenye benchi la ukumbini. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa koti la kazi. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Kilichotokea leo. Mchana nilikwenda kununua ngozi. Nilikawia. Mwenye duka anapenda mazungumzo, nami sikuwa na haraka ya kurudi kwenye nyumba niliyoahidi kusemea ukweli jioni. Niliporudi, mlango wa karakana umefungwa. Dirisha limefungwa. Nikasukuma mlango, moshi ukanipiga machoni. Meneja ameikumbatia saksafoni ya Kapteni. Vifuniko kavibana kwa vibanio vya nguo na mipira, kwa kuwa hakuwa na mbanaji. Jambo la akili sana, mimi nisingelifikiria. Sigara iko kwenye ukingo wa meza; labda aliiweka akiba kabla pakiti haijabaki kwa mwalimu. Akanigeukia na uso wa furaha: "Baba, nimelipata, liko huku—"

Hapo tukasikia kitu chini ya meza. Kipenga alikuwa ameketi humo, amekumbatia magoti. Aliingia kutazama nyuzi za moshi. Anazipenda. Mabega yanapanda na kushuka, ngozi ya shingo imezama kati ya mifupa, midomo imebadilika rangi. Hakuwa anakohoa. Kifua kimenyamaza, hata ile filimbi hakuna.

Nilimtoa nje. Pampu Meneja aliijua ilipo, akaileta, nikampulizia, tena, tena. Haikuingia. Nilipiga kelele, sijui niliita nini. Aliyetoka ni Kinyozi. Akasimama katikati ya barabara na taulo la mteja mkononi, akasimamisha gari la kwanza lililopita, akafungua mlango mwenyewe, akatusukuma ndani. Hakuuliza kitu. Gari linaondoka nikamwona binti yake amesimama dirishani kwao.

Kipenga wamemwingiza chumba cha ndani. Wamemvisha kifuniko cha hewa usoni, kikubwa kuliko uso wenyewe. Mara ya mwisho walisema anajibu dawa, lakini polepole. Polepole kiasi gani, hawakusema.

Mama watoto kaja mbio kutoka kazini, aproni bado kiunoni. Kauliza imekuwaje. Meneja akasema, "Ni mimi, Mama. Nilivuta ndani." Mama watoto hakumpiga. Nilifikiri atampiga. Alimshika mabega mawili. "Nani alikufundisha wewe? Nani?"

"Nilijifunza mwenyewe."

"Yule binti wa Kinyozi."

"Hapana, Mama. Yule hapana."

"Basi nani?"

Mama watoto akamwachia, akaenda kutafuta maji, au mahali pa kulia bila watu.

Tukabaki wawili. Meneja akasema chini chini, bila kunigeukia: "Sikuwa navuta kwa ajili ya kuvuta, Baba. Mwanzoni. Ulisema fundi hakohoi. Nikawa nakwenda nyuma ya stoo nifanye mazoezi, nisikohoe mbele yako. Halafu nikaona nisipovuta kichwa kinauma."

Basi. Niandike ilivyokuwa, bila mzaha, kabla mama yao hajarudi.

Jumamosi ile, tarehe nane, Kapteni alikuwa njiani. Pakiti nilikuwa nayo. Siku ya kisahani sikuitupa, niliificha kwenye kasha la tarumbeta bovu, nikajiambia ni ya kazi. Nilimwambia Meneja: mimi nimeahidi sitavuta, wewe hujaahidi kitu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikicheka. Akauliza, "Si unajaza mdomo tu, Baba, humezi?" Nikasema humezi. Niliiwasha mimi. Sigara haiwaki bila kuvutwa, kwa hiyo hata ile ahadi niliyojisifia humu ilikuwa imevunjika kabla kiberiti hakijazimika. Nikampa. Tukabadilishana nafasi, mimi nikabana, yeye akapuliza. Akakohoa mpaka machozi. Nikamwambia fundi hakohoi. Mara ya pili alikohoa kidogo. Mara ya tatu uzi ukatoka, tukapiga makofi. Kipenga nyuma ya pazia akauliza tunashangilia nini. Nikamwita aje aone. Nilimwita mimi.

Haikuwa mara moja. Klarineti zile, saksafoni ya kwaya. Kufunga mlango na dirisha nilimfundisha mimi, ili harufu isifike kwa majirani ikamfikia mama yake. Kila mara niliiwasha mimi, na kila mara mvuto wa kuwashia ulikuwa mrefu kuliko wa jana. Pakiti niliiona inapungua kuliko kazi tuliyofanya. Sikuuliza. Ningeuliza, ningekuwa nimekiri kwamba ipo. Ofisini kwa mwalimu nilijua, na nikaacha binti wa mtu akachapwa. Daktari alinipa mkono wa pongezi, nikaupokea.

Na taa. Macho ya Meneja ni ya miaka kumi na minne. Ningempa ile taa, angeliona tundu kabla Kapteni hajavaa kofia. Ilikuwa kwenye msumari juu ya vichwa vyetu. Sikusahau kwamba ipo, niliitazama. Nilitaka moshi. Nilitaka kuwa chumba kimoja nao na mtu mwingine awe ndiye anayevuta. Nikamtumia mwanangu.

Hayo ndiyo yote. Hakuna lingine.

Mama watoto karudi. Ameketi upande wa pili wa Meneja. Kamwekea mkono mgongoni, bila kumtazama, lakini kauweka.

Mlango umefunguliwa. Muuguzi. Anasema Kipenga amefumbua macho, anaulizia watu wake. Anaweza kuingia mmoja. Mmoja tu, na awe hanuki moshi, kwa maana hata ule wa kwenye nguo utamrudisha nyuma. Na daktari yupo humo ndani, anataka kujua huu moshi wa nyumbani unatoka wapi, asije akamtibu leo akamrudishia kesho kule kule.

Mama watoto amejinusa mkono. "Mimi nimetoka jikoni, kuni zimeniingia mpaka kwenye nywele. Huyu ndiyo usiseme." Amenigeukia. Macho mekundu, lakini sauti ni ile ya siku ya kliniki. "Ingia wewe, baba watoto. Wewe ndiye uliyeacha."

Meneja anatazama viatu vyake.

"Nenda, mume wangu. Mtoto anangoja."

Muuguzi ameushikilia mlango kwa bega. Anauliza baba ni nani hapa.

Bado nimekaa.